Hukumu ilitoka, feza iko wapi?



Tarehe 13 Desemba 2017, kwa kesi ya Kavumu, korti ya kijeshi ya Kivu ya Kusini ilihukumu watu 11, kati yao mbunge wa jimbo, juu ya kubaka watoto wa kike. Kila mtoto alipewa haki ya kulipwa dola 5.000. Gereza ni adhabu. Feza ni ya kutengeneza maisha yaliyoharibika. Lakini kama mwenye kosa hana kitu, nani analipa? Ndiyo maana sheria ya Desemba 2022 ilianzisha FONAREV, mfuko wa Serikali wa wahanga wa vita.

Sisi wenye kurudi makwetu tuko na kazi: mama mwenye kushitaki tumsindikize, aombe malipo humo humo ndani ya kesi, na achunge karatasi zake zote. Asiende peke yake.