Meza ya Ndege Wasafiri
Jumapili ya 8 ya Mwaka A



Katika Injili ya leo, Mathayo sura ya 6, Bwana wetu anatutaka tuwaangalie ndege, ambao hawalimi wala hawana ghala, na hata hivyo Baba wa mbinguni huwalisha. Maneno haya tumeyazoea mno. Wengine wameyafanya mto wa kulalia, kana kwamba Bwana alisifu uvivu. Basi na tulitii kwanza agizo lenyewe, tuwaangalie ndege. Sisi wa pwani hii, toka Kunduchi hata Bagamoyo, Saadani na Pangani, tunao wa kuwaangalia.

Maji yanapokupwa, hasa siku za bamvua, nendeni kwenye matope yaliyo mbele ya mikoko, karibu na mahali Mto Ruvu unapoingia baharini. Mtamwona sululu, mwenye mdomo mrefu uliopinda, na karibu naye makundi ya chamchanga wadogo wakidonoa bila kuinua kichwa. Hao si wenyeji. Huanza kufika mwezi Agosti, na wengi huondoka Aprili au mwanzoni mwa Mei. Wapo miongoni mwao wenye uzito wa gramu 60 hivi tu, ambao hutaga mayai kaskazini kabisa mwa Siberia, katika rasi ya Taimyr, zaidi ya kilomita 8,000 kutoka kwetu. Wazee wetu walingoja kaskazi ilete majahazi ya Omani na kusi iyarudishe. Ndege hawa nao wana kalenda yao. Majira haya wanajaza mafuta mwilini kwa ajili ya safari. Maji yakipwa mchana hula mchana, yakipwa usiku hula usiku. Huo ndio uvivu wa ndege!

Nabii Yeremia, katika sura ya 8, aliwaona ndege wasafiri wakizishika nyakati zao, akawalaumu watu wasioijua sheria ya Mungu. Lakini siku hizi nyakati zenyewe zimevurugika. Huko kaskazini joto limepanda upesi kuliko karibu kila mahali pengine duniani. Theluji inayeyuka mapema, wadudu wanatokea mapema, na makinda huanguliwa karamu ikiwa inakaribia kwisha. Mabata bukini wa Ulaya wamejaribu kuwahi. Huharakisha safari na kupita vituo vyao vya mapumziko. Ila wakifika wamechoka, hawawezi kutaga mara moja, na makinda yao hukosa majani bora. Mwaka 2016 wataalamu walitangaza habari za jamaa wa chamchanga wetu, azaliwaye Taimyr na kuja Mauritania. Waliozaliwa miaka ya joto walikuwa na miili midogo na midomo mifupi. Wakifika Afrika, chakula kiko chini ya mchanga na mdomo haukifikii, na wengi wao hawamalizi mwaka wao wa kwanza. Jeraha limepatikana kule, kifo kinatokea huku.

Hapo msikilizaji anaweza kutuuliza: je, Baba ameacha kuwalisha? Ni swali la haki, wala tusilikwepe kwa maneno matamu. Baba huwalisha ndege kwa matope, kwa mikoko, kwa theluji inayoyeyuka siku yake. Hiyo ndiyo meza yake, naye hakuiondoa. Aliyeisogeza ni mwanadamu, kwa moshi wa viwanda na mitambo yake, na sehemu kubwa ya moshi huo imetoka katika nchi zilizotajirika nao. Mvuvi wa Mlingotini mwenye ngalawa ya tanga hana moshi wa kuungama. Ila chumvi inayoingia kisimani mwake ni sehemu ya habari hiyohiyo. Ndiyo maana Papa Fransisko, katika waraka wake Laudato Si' wa mwaka 2015, alikataa kutenganisha kilio cha dunia na kilio cha maskini.

Hata hivyo, sehemu yetu ipo. Bahari inapopanda, mikoko hutafuta kurudi nyuma kuelekea nchi kavu. Ikikuta ukuta wa hoteli au tuta la shamba la chumvi, haina pa kwenda, na matope yaliyo mbele yake huzama. Tumeikata pia kwa boriti, kwa mkaa, kwa kuchomea chokaa. Hatupendi mahubiri yanayomkemea mama mwenye mzigo mmoja wa kuni na kumnyamazia mwenye fedha anayefyeka ekari nzima. Na watu wa Pangani wanakijua kisiwa cha Maziwe: kilikuwa na miti, na kasa walitaga humo, miti ilipokwisha bahari ilikila, leo ni fungu la mchanga linalofunikwa na maji yanapojaa.

Jumuiya ndogondogo zitakazopenda kupanda mikoko Kwaresima ijayo, ziwaone kwanza maafisa wa misitu, kisha zipande pale ilipokatwa. Zisipande kwenye matope yaliyo wazi, kwa sababu miche hufa huko, na ndege hunyang'anywa mahali pa kula. Wasafiri wetu wamebakiwa na majuma machache tu ya kushiba kabla ya kuondoka.