Difu Inalia: Vitenzi vya Sauti katika Karakana ya Malori



Nilipoalikwa kuzungumzia sauti katika lugha ya Kiswahili, bila shaka wengi mlitarajia nianze na ngano au ushairi. Naomba radhi. Jioni hii nitaanzia chini ya lori.

Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa nikikusanya istilahi za mafundi katika karakana moja pembezoni mwa mji wa Iringa. Alifika dereva wa lori kuukuu la tani saba, lililokuwa likipeleka nyanya za Ilula Dar es Salaam. Akamwamkia fundi mkuu: “Shikamoo, mzee. Difu inalia.” Gereji ya kwanza ilikwisha kubadilisha krauni na pinioni kwa fedha ambazo mwenye lori alizipata kwa kuuza ng'ombe, na kelele haikupungua hata chembe. Mzee hakugusa spana. Aliuliza: “Marahaba, mwanangu. Inalia, inavuma, au inanguruma?”

Swali hilo ndilo lililonileta mbele yenu.

Kitenzi kulia, katika lugha ya madereva, kinasema tu kwamba kuna maradhi. Hakisemi maradhi gani. Kuvuma ni jambo jingine: ni sauti moja nyembamba, ndefu, kama ya upepo, nayo kwa fundi huyu ilikuwa sauti ya meno ya gia. Kinachoitambulisha ni kwamba hubadilika kwa kadiri ya mzigo. Dereva akikanyaga mafuta, upande mmoja wa meno ya krauni na pinioni hubeba nguvu. Akiachia, nguvu huhamia upande wa pili. Kwa hiyo difu inayovuma wakati wa kuvuta na kunyamaza wakati wa kuachia, au kinyume chake, inashitaki meno yake yenyewe, ama yamelika, ama yalipangwa vibaya. Krauni na pinioni husagwa pamoja kiwandani na kuuzwa kwa jozi. Anayeoanisha krauni mpya na pinioni ya zamani anajinunulia mvumo.

Kunguruma ni sauti nzito, ya kukwaruza kwa ndani, nayo ni ya beringi. Hii haijali sana mguu wa dereva. Hufuata mwendo wa gari. Ndani ya kunguruma kwenyewe fundi hupambanua zaidi. Katika ekseli yenye meno 41 kwenye krauni na 6 kwenye pinioni, pinioni huzunguka karibu mara saba gurudumu linapozunguka mara moja. Hivyo beringi ya pinioni hunguruma kwa haraka na kwa sauti ya juu kuliko beringi ya habu, ambayo hwenda polepole pamoja na tairi.

Kugonga ni pigo moja, linalosikika gari linapoanza kuondoka au dereva anapobadili kati ya kuvuta na kuachia. Hapo mtu mwenye busara huanza na krosi za propela kabla hajaifungua difu, kwa kuwa krosi iliyolegea ni rahisi kuishika kwa mkono na ni rahisi kuibadilisha. Kualika ni mfululizo wa milio mikavu. Ukija mara moja kwa kila mzunguko wa gurudumu, yamkini jino la krauni limekatika. Ukija kwa kasi zaidi, mtazame pinioni. Na sauti inayotokea kwenye kona pekee huweza kuwa ya gia ndogo za katikati ya difu, maana hizo huzunguka pale tu magurudumu ya pande mbili yanapotofautiana mwendo.

Wenzangu wa isimu watauliza: je, hizi ni istilahi au ni maneno ya kawaida tu? Nasema ni istilahi kamili, kwa sababu kila kimoja kina mpaka, na kuvuka mpaka huo kuna gharama. Ng'ombe wa mwenye lori waliuzwa kwa sababu fundi wa kwanza alisikia “inalia” akatosheka. Tangu BAKITA ilipoundwa mwaka 1967 tumesanifu nomino nyingi mno, na ni kazi njema. Vitenzi tumeviacha karakanani, labda kwa kuwa havimo katika orodha za Kiingereza tunazozitafsiri.

Turudi Iringa. Mzee alipanda lori, nami nikabanwa katikati na daftari langu. Kwanza alisimamisha gari na kuivumisha injini gia ikiwa huru: kimya, basi si injini. Akapita kwenye lami, kisha kwenye udongo: sauti haikubadilika, basi si tairi. Akavuta, akashikilia mwendo, akaachia; ngurumo ikabaki ile ile. Katika sehemu tambarare akaacha gari liserereke na gia huru kidogo. (Alinionya kuwa jambo hilo kwenye mteremko ni kujiua.) Ngurumo bado ipo. Mwishowe akakata kona ya kulia, uzito ukaegemea kushoto, na sauti ikapanda. Akakata ya kushoto, ikafifia.

“Difu haina kosa,” akasema.

Tuliporudi, habu ya nyuma kushoto ilikuwa ya moto kiasi cha kutogusika, ya kulia ilikuwa vuguvugu. Utingo akaweka mawe mbele na nyuma ya magurudumu mengine, ekseli ikainuliwa na kuegeshwa juu ya magogo imara, na gurudumu liliposhikwa juu na chini likacheza. Beringi ilipotolewa, vigurudumu vyake vilikuwa vimeliwa vishimo, na pete ya ndani imegeuka rangi ya buluu kwa joto.

Dereva aliitazama kwa muda mrefu. Usiku ule alikuwa ateremke Kitonga na shehena kamili. Alimwuliza mzee kama beringi mpya inapatikana mjini, kisha akatoka nje kumpigia simu mwenye nyanya, amwambie kwamba hatasafiri.