KUWAOMBA WAKUBWA WETU WATUSAIDIE KUTUNZA UMEME WA OFISI

(Maneno yaliyosemwa na mwanachama mmoja mbele ya mkutano wa wanachama, Mpanda.)



Nimeombwa kusema juu ya umeme wa ofisi, na najua wengine wamekwisha kusema moyoni, "Hayo ni mambo ya fundi." Sivyo. Fedha ya LUKU hutoka katika fungu la matumizi ya kawaida, nalo ndilo linunualo karatasi na mafuta ya gari, na kulipa nauli za likizo ambazo baadhi yenu mnazingoja hata leo.

Sisi wa Mpanda twaijua thamani ya umeme. Miaka mingi tuliishi kwa mitambo ya dizeli, mafuta yakiletwa kutoka mbali, kabla ya kujengwa njia ya kilovolti 132 kutoka Tabora kupitia Ipole na Inyonga. Sasa nasikia watu wakisema, "Gridi ipo, tutumie tupendavyo." Lakini mwisho wa mwaka 2023 na mwanzo wa 2024 hata wenzetu wa gridi walipata mgawo, tena gridi hailipi LUKU ya ofisi.

Fanyeni hesabu pamoja nami. Kiyoyozi cha kawaida hula karibu uniti moja kwa saa. Vyumba 10 vikiachwa vitupu saa moja ya chakula, viyoyozi vikivuma, ni uniti 10. Tukadirie shilingi 350 kwa uniti: ni shilingi 3,500 kwa siku, 77,000 kwa mwezi wa siku 22 za kazi, na 924,000 kwa mwaka. Na hiyo ni saa moja tu, wala sijagusa taa za ukumbini, wala kompyuta zilalazo macho wazi usiku kucha. Joto la Septemba na Oktoba nalijua sana, wala simwambii mtu ateseke. Nasema tu kwamba chumba kisicho na mtu hakisikii joto.

Makarani twaweza kuzima taa, lakini mkubwa asipotaka, desturi haishiki. Na hapa ndipo tukoseapo. Zamani, katika ofisi moja ambayo sitaitaja, nalimwandikia mkubwa wangu dokezo sabili la kurasa 3, nikamweleza habari za mito, misitu na vizazi vijavyo. Jalada likarudi na neno moja: "Nimeona." Nalikasirika mno. Siku hizi namwelewa. Sikumpa hesabu, wala sikumwomba jambo moja awezalo kulitenda. Tena maneno yangu yalikuwa kama mashitaka juu yake.

Basi yafaa tufanye hivi. Ijumaa saa tisa na nusu, ofisi ikifungwa, karani aandike uniti zilizobaki katika mita. Jumatatu saa moja na nusu, kabla hakijawashwa kitu, aandike tena. Zilizopungua zilitumika siku ambazo hapakuwa na mtu kazini. Ukiondoa taa za ulinzi, na friji ikiwapo, nyingine hazina mwenyewe. Tufanye hivyo kwa majuma manne, tugeuze uniti kuwa shilingi, tuandike ukurasa mmoja, nao ufike kabla ya makisio ya bajeti kufungwa. Baada ya hapo huwa vigumu zaidi kwa Afisa Masuuli kubadili kitu hata akitaka. Tena upitie kwa mkuu wa sehemu, maana ukimruka umeliua dokezo lako mwenyewe.

Ombi liwe dogo. Mkubwa atie sahihi waraka wa kuzima vyombo mtu atokapo chumbani, kisha yeye mwenyewe azime kiyoyozi chake. Hili la pili ndilo kubwa. Mwaka 2005 Serikali ya Japani ilitaka viyoyozi vya ofisi visiwekwe chini ya nyuzi 28 wakati wa joto; lakini karani gani atavua koti mbele ya mkubwa aliyevaa koti? Basi Waziri Mkuu Junichiro Koizumi na mawaziri wake walionekana mbele ya watu bila tai wala koti. Sisi suti ya Kaunda tunayo tangu zamani, walakini nimewaona watu hapa Mpanda wamevaa koti zito, kiyoyozi kimewekwa nyuzi 16!

Mzee mmoja kaniuliza hapo mlangoni, "Tukiokoa, fedha itakwenda wapi?" Swali lake ni la haki. Kwa hiyo dokezo liombe, kwa adabu lakini wazi, kwamba sehemu ya kitakachookolewa ilipe madai ya likizo. Mkubwa aweza kukataa, au kusema makarani wamejiingiza katika bajeti. Nami nipo tayari jina langu litangulie katika sahihi.

Mita ya jengo letu iko nyuma ya mlango wa masjala, na mlinzi nimekwisha kuzungumza naye. Ijumaa hii nitaisoma mimi. Jumatatu asubuhi ataisoma nani?