Sadaka Iliyorudishwa

Msikilizaji, kanisa kurudisha pesa si jambo la kila siku. Novemba 2024, Rais William Ruto alisali katika Kanisa Katoliki la Soweto, Nairobi, akaacha shilingi milioni 2 za nyumba ya mapadri na nyingine 600,000 za kwaya na watoto. Kesho yake Askofu Mkuu Philip Anyolo akaagiza zirudishwe. Siku chache kabla, maaskofu walikuwa wameikosoa serikali hadharani.

Linakuhusu nini, wewe wa benchi la nyuma? Ni hivi: si rahisi kumkemea mtu aliyekujengea nyumba. Hapo mimi nawaunga mkono maaskofu.

Lakini tusikie na upande wa pili. Rais naye ni muumini, na muumini hutoa. Tena, tusidanganyane, ni makanisa mangapi yameezekwa kwa harambee za wanasiasa, na nani aliuliza? Mabati yale yanazuia mvua hadi leo.

Sasa basi, agizo lilipotoka, mapadri wa Soweto walikuwa bado wanahitaji nyumba. Je, waumini wako tayari kuijenga kwa mifuko yao wenyewe?