Mshipa wa Kinena: Kupima Kabla ya Kukata Uvimbe wa Vena za Juu za Mguu

Neno mshipa limebeba mengi katika Kiswahili. Mgonjwa anayesema ana mshipa kinenani huenda anataja ngiri, huenda anataja mshipa wa damu uliotuna, na mara nyingi mwenyewe hana njia ya kujua ni kipi. Utata huo haukomei kwenye maneno. Vena kubwa ya safena, ile inayopanda upande wa ndani wa mguu kuanzia kifundo, humwaga damu yake katika vena ya paja chini kidogo ya kinena, na ngiri ya paja hujitokeza karibu na hapohapo. Vena ikituna mahali hapo, uvimbe wake huwa laini, hutokeza mgonjwa akisimama, hupotea akilala, na husukuma kidole akikohoa. Ngiri nayo yaweza kufanya vivyo hivyo. Hoja yangu ni moja: uvimbe wa namna hii, uwe kinenani au nyuma ya goti, usikatwe wala kudungwa sindano kabla ya kupimwa kwa ultrasaundi mgonjwa akiwa amesimama, kwa kuwa kipimo hicho ndicho kinachoamua tiba.

Aneurisimu ya vena, ambayo ni aina moja ya uvimbe huo, ni sehemu moja ya mshipa iliyotanuka kama kifuko, ilhali sehemu za jirani zina upana wa kawaida au zimetanuka kidogo tu. Hapo ndipo inapoachana na vena varikosi, ambazo hutanuka na kujipinda kwa urefu mkubwa, kama mizizi iliyochomoza juu ya ardhi. Wataalamu hawajakubaliana kuhusu kiwango: wapo wanaotaka kifuko kifike mara moja na nusu ya upana wa kawaida, wengine mara mbili, wengine mara tatu. Vena kubwa ya safena isiyo na ugonjwa huwa na kipenyo cha milimita 3 hadi 5 hivi pajani, kwa hiyo kifuko cha milimita 20 hakina ubishi, lakini cha milimita 8 kitaitwa aneurisimu na daktari huyu na kukataliwa na yule. Ndiyo maana ripoti isitosheke na jina. Iandike upana wa kifuko, upana wa mshipa jirani, na umbali kutoka kifuko hadi makutano na vena ya ndani. Namba hizo tatu zitamfaa daktari wa upasuaji hata kama hakubaliani na jina.

Upimaji wenyewe si mgumu. Mgonjwa asimame, uzito auweke kwenye mguu mwingine, na goti la mguu unaopimwa lilegee. Kichwa cha mashine kikibonyezwa taratibu, kifuko cha vena hujikunja mpaka kuta zake zigusane. Tezi haijikunji hivyo. Vena isiyojikunja ishukiwe kuwa na damu iliyoganda. Kisha shavu la mguu likamuliwe na kuachiwa ghafla: Doppler, yaani ultrasaundi inayoonyesha mwendo wa damu, itaonyesha damu ikipanda, halafu, kama vali zimeharibika, ikirudi chini. Nyuma ya goti swali huwa zito zaidi, kwa sababu kifuko chaweza kuwa cha vena ndogo ya safena, cha vena ya ndani ya goti, au kikawa kifuko cha maji ya goti kisicho na damu kabisa. Aneurisimu ya vena ya ndani ya goti inajulikana kwa kurusha mabonge ya damu mapafuni, na mara nyingi upasuaji hushauriwa hata mgonjwa asipokuwa na dalili. Ile ya vena ndogo ya safena huacha nafasi zaidi ya kuchagua. Jicho peke yake haliwezi kuzitenganisha.

Tiba hufuata majibu hayo. Kifuko kidogo, kisicho na bonge wala maumivu na kilicho mbali na makutano, kinaweza kuachwa na kupimwa tena baada ya muda. Kifuko kikubwa kinachokaa penye makutano hufaa kufungwa kwenye shina lake na kuondolewa. Leza na mawimbi ya redio hutibu vena iliyonyooka vizuri, lakini joto lake lazima lifike ukutani; ndani ya kifuko kipana damu huweza kubaki kati ya waya unaotoa joto na ukuta, mshipa usifunge. Damu ikiwa imeganda, umbali huamua tena: bonge lililo ndani ya sentimita 3 kutoka makutano ya kinenani kwa kawaida hutibiwa kama la vena ya ndani. Kwa yaliyo mbali zaidi, utafiti wa CALISTO wa mwaka 2010 ulionyesha kuwa fondaparinuksi, dawa ya kuzuia damu kuganda, ya miligramu 2.5 kila siku kwa siku 45 ilipunguza jumla ya vifo na matatizo ya damu kuganda kutoka asilimia 5.9 hadi 0.9. Utafiti huo haukulenga aneurisimu, lakini unatosha kuvunja dhana kwamba vena za juu hazina madhara.

Atakayepinga atasema ugonjwa huu ni nadra. Ni kweli, lakini kipimo hakifanywi kwa ajili yake peke yake. Dakika zilezile hubainisha ngiri, tezi na ateri iliyotuna, ambayo kuidunga sindano ni hatari. Mwingine atasema hana mashine ya Doppler. Mashine ya kawaida ya kupimia wajawazito, hasa ikiwa na kichwa bapa, huweza kuonyesha kama uvimbe unajikunja, na pasipo mashine bado kuna mkono: weka kidole kwenye uvimbe, gonga vena iliyo chini yake, na ukisikia mtikisiko ukipanda, mpe mgonjwa rufaa badala ya tarehe ya upasuaji.

Ninachoomba kwenu basi ni kidogo. Fomu ya upasuaji iliyoandikwa "ngiri" isipelekwe chumba cha upasuaji mpaka mgonjwa awe amesimamishwa na kupimwa. Yeye ana haki ya kusema mshipa na kuishia hapo. Kuujua ni mshipa gani ni kazi yetu.