Haki Moja, Maneno Manne



Mmetuomba hapa Homa Bay tueleze kwa nini mawakili hubishana kutwa juu ya maneno. (Mtasema ndiyo riziki yetu.) Neno letu 'haki' limebebeshwa mizigo ambayo Kiingereza kimewagawia wapagazi kadhaa: 'fair', 'just', 'equality', 'equity'. Asiyeijua tofauti hupewa mzigo mmoja, akaambiwa amepata yote.

'Fair' hutazama njia: hakimu hapendelei, pande zote zasikilizwa. 'Just' huuliza kama sheria yenyewe ni njema. Kifungu cha 2A kiliingizwa katika Katiba mwaka 1982, kikaifanya KANU chama pekee. Aliyetaka kuandikisha chama kingine angeweza kusikilizwa kwa upole siku nzima, na bado aondoke mikono mitupu, maana sheria ilikuwa imekwisha kuamua. Na hao ni waliosikilizwa. Wengine waliwekwa kizuizini bila kesi. Ndiyo sababu wanamageuzi hawakuomba mahakimu wapole tu. Walidai kifungu kifutwe, nacho kikafutwa Desemba 1991.

'Equality' na 'equity' ndiyo hutuponza zaidi, kwa kuwa yote mawili tumezoea kuyaita usawa. Mshtakiwa ajuaye Dholuo pekee akipewa dakika kumi, sawasawa na kiongozi wa mashtaka anayesema Kiingereza, hiyo ni 'equality' ya saa ya ukutani. Kifungu cha 50 cha Katiba ya 2010 champa mkalimani bila malipo, apate kuelewa anachoshtakiwa: hapo ndipo 'equity' ilipo. Tumewahi kumwona mama akiitikia kwa kichwa shtaka asilolielewa, nalo likaandikwa kuwa amekiri.

Katiba hiyo, katika Kifungu cha 10, yayataja maneno hayo mawili mbalimbali, wala si kwa bahati. Kifungu cha 202 chaagiza mapato ya taifa yagawanywe kwa 'equity'. Nacho cha 203 chataka mahitaji ya kaunti na tofauti zake za kiuchumi zizingatiwe. Basi anayesimama mkutanoni kudai Homa Bay ipewe shilingi sawa na kila kaunti anadai jambo ambalo Katiba haikuliahidi. Bajeti inapoletwa mtoe maoni, ulizeni kata ipi haina maji, zahanati ipi haina dawa, na mahitaji hayo yameandikwa ukurasa gani.