Warumi na Wafursi Walipigania Nini?

(Mhadhara uliotolewa kwa vijana baada ya Swala ya Tarawehe)



Shukrani zote ni za Mwenyezi Mungu (s.w.), na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na sahaba zake.

Wazee wangu, mama zangu, na nyinyi vijana wenzangu. Juzi tulipokuwa tukisoma Suratur-Rum, kijana mmoja aliniuliza swali, na kwa kuwa adhana ilikuwa imekaribia sikumjibu vizuri. Aliuliza: "Hawa Warumi na Wafursi, kwani walikuwa wakigombania nini?" Usiku huu nataka kulilipa deni lake.

Kisa cha sura yenyewe twakijua. Warumi walishindwa, washirikina wa Makka wakafurahi, Waislamu wakahuzunika kwa sababu Warumi walikuwa Ahlul-Kitabu. Ikateremka habari kwamba baada ya kushindwa huko watashinda katika miaka michache. Lakini ukimuuliza mtu vita vilianza vipi, hapo wengi hunyamaza.

Kwanza tuwajue wenyewe. Warumi tunaowasema makao yao makuu yalikuwa Constantinople, ndiyo Istanbul ya leo. Wafursi walitawaliwa na ukoo wa Sasani, na mji wao mkuu ulikuwa Ctesiphon, ambao Waarabu waliuita Madain, karibu na Baghdad. Vita vyao vikubwa vilianza mwaka 602 na vikesha mwaka 628, yaani miaka 26. Wahyi wa kwanza uliposhuka mwaka 610, tayari walikuwa wameshapigana miaka minane.

Sasa, sababu. Ziko za zamani na ziko za karibu.

Ya zamani ni mpaka. Madola haya mawili yaligombania Armenia na ile ardhi ya kati ya mito ya Furati na Dajla kwa karne na karne. Pili ni biashara. Hariri ya China ilipita mikononi mwa Wafursi kabla haijawafikia Warumi, na Warumi walichukia kuinunua kwa adui. Katika miaka ya 570 Wafursi wakaingia hata Yemen, wakaitoa mikononi mwa Wahabeshi, na Wahabeshi walikuwa marafiki wa Warumi. Tatu ni dhahabu. Mwaka 562 waliandikiana mkataba wa amani wa miaka 50, kwa sharti kwamba Warumi watoe dhahabu kila mwaka. Wafursi walisema ni haki yao, kwa kuwa wao ndio wanaolinda njia za milima ya Kaukazi zisipitwe na makabila ya kaskazini. Warumi waliona ni kama kulipa kodi kwa mtu asiyewatawala. Mkataba wa miaka 50 ukaishi miaka kumi tu. Mwaka 572 Kaisari Justin II alikataa kulipa, vita vikarudi.

Basi kuni zilikuwa zimeshakauka. Nani aliwasha kiberiti?

Mwaka 590 mfalme wa Wafursi alipinduliwa na kuuawa. Mwanawe, kijana Khosrow II, huyu ndiye Kisra ambaye katika sira twasoma kwamba aliipasua barua ya Mtume (s.a.w.), alifukuzwa na jemadari wake mwenyewe. Akakimbilia wapi? Kwa adui! Kaisari Maurice akampokea, akampa jeshi, na mwaka 591 Kisra akarudi kwenye kiti chake. Lakini msaada ule haukuwa wa bure. Kisra alilipa kwa ngome ya Dara na sehemu kubwa ya Armenia. Akakaa kimya miaka kumi na moja, lakini kidonda kilikuwa ndani.

Mwaka 602 Kaisari Maurice naye akafikwa. Alikuwa mtu wa kubana matumizi, na askari wake walishamchoka. Alipowaamrisha wakae ng'ambo ya mto Danube wakati wote wa baridi, katika nchi ya adui, wakaasi. Wakamsimamisha mmoja wao, afisa mdogo aitwaye Phocas. Maurice alishikwa, akauawa pamoja na wanawe.

Kisra aliposikia, akatangaza vita. Akasema: Maurice alinitendea wema, nami lazima nimlipizie kisasi. Akatoa na kijana mmoja, akadai ndiye Theodosius, mtoto wa Maurice aliyeokoka, na kwamba yeye anataka kumrudishia kiti cha babake.

Ndugu zangu, maneno haya ni mazuri. Nani atamlaumu mtu anayemlipizia aliyemfadhili? Na kweli Phocas alikuwa ni mtu katili. Lakini hebu tuitazame dai hii kwa ushahidi.

Mwaka 610 Hirqal (Heraclius) alikuja na merikebu kutoka Afrika Kaskazini, akaingia Constantinople, akamuua Phocas. Muuaji amekufa! Kisasi kimeshalipwa! Hirqal akatuma wajumbe kuomba amani. Je, Kisra alirudi nyumbani?

Hakurudi. Aliona Warumi wamepigana wao kwa wao miaka miwili, mlango uko wazi. Akasonga mbele. Mwaka 613 Damascus ikaanguka, mwaka 614 Baitul-Maqdis, na watu wengi wakauawa humo. Mwaka 615 jeshi lake lilifika Chalcedon, likawa latazamana na Constantinople, bahari nyembamba tu iko kati. Wakubwa wa mji wakamwandikia barua ya unyenyekevu, wakatuma wajumbe. Wajumbe wale wakazuiliwa, hawakurudi tena. Kisha ikafuata Misri.

Hapo ndipo twajua. Kisasi kilikuwa ni kisingizio. Sababu yenyewe ilikuwa ile Armenia aliyoitoa, ile aibu ya kusaidiwa na adui, na tamaa iliyokuwa ikikua kila alipoonja ushindi.

Na mwisho wake? Hirqal alianza kujibu mwaka 622, mwaka ule ule wa Hijra. Mwezi wa Desemba 627 akawashinda Wafursi karibu na Ninawi. Mwaka 628 wakubwa wa Fursi waliochoka na vita walimpindua Kisra, na aliyekaa mahali pake akaridhia kuuawa kwake alikuwa ni mwanawe mwenyewe, Shiruya. Wakafanya suluhu. Sikilizeni masharti: mpaka urudi ulipokuwa kabla ya vita. Yaani miaka 26, miji imechomwa, mayatima hawana idadi, na hakuna aliyepata hata shubiri moja ya ardhi. Madola yote mawili yalibaki hoi. Mwaka 636, katika vita vya Yarmuk, Warumi waliipoteza Shaam. Mwaka 651 mfalme wa mwisho wa Sasani aliuawa akiwa mkimbizi. Mla cha mwenziwe na chake huliwa.

Sasa vijana wenzangu, twachukua nini kwenda nacho nyumbani?

Mimi nachukua mizani moja. Ukiwa na ugomvi na mtu, jiulize: "Nikipewa hiki ninachokidai, nitanyamaza?" Kisra alipewa alichodai mwaka 610, na hakunyamaza. Ndipo ikajulikana hakuwa akidai kile.

Nasi tunao ugomvi wetu. Ndugu wawili hawasemezani, watakuambia ni kwa ajili ya mpaka wa shamba la marehemu baba. Mpimaji amekuja, jiwe limewekwa, na bado hawasemezani. Basi haikuwa mpaka. Pengine ni neno lililosemwa siku ya mazishi. Pengine ni msaada uliotolewa zamani, na aliyetoa hakuacha kuukumbusha. Tukilitibu shamba ilhali kidonda kiko moyoni, hatujatibu kitu.

Na wewe uliyemsaidia mwenzio, usimtoze bei ambayo ataikumbuka kuliko msaada wenyewe. Maurice alimwokoa mtu, na papo hapo akamwachia sababu ya kumchukia.

Zimebaki siku chache za mwezi huu mtukufu. Kabla ya Idi, kila mmoja wetu amtafute yule mmoja ambaye hasemi naye. Usiende na lile dai unalolitangaza barazani. Nenda na lile la kweli, hata kama litakuaibisha kulitaja.

Mwenyezi Mungu azipatanishe nyoyo zetu, azikubali saumu zetu, na awarehemu wazee wetu waliotangulia. Amin.

Wassalaamu alaykum warahmatullahi wabarakaatuh.